Kamba ya Mafundo Saba

Siku niliyoondoka nyumbani kwetu, karibu na Ndanda, nilimpa mama yangu kipande cha kamba chenye mafundo saba. Alikigeuza mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hiki nikifanyie nini? Nifungie mbuzi?" Nikamjibu, "Hapana, Mama. Hii ni barua." Akacheka sana, maana mama yangu hakupata kwenda shule, na siku zote watu humwambia kwamba barua si kazi yake.

Basi nikamweleza. Fundo la kwanza ni leo, siku ya kuondoka. La pili nitakuwa Masasi. La tatu nitapanda Newala, na la nne nitakaa huko. La tano nitafika Mahuta. La sita nitarudi hadi Masasi. La saba ni siku ya kufika nyumbani. "Kila asubuhi ufungue fundo moja, Mama. Likibaki la mwisho, uniwekee chakula." Mama akaacha kucheka. Akasema, "Kumbe! Hii naweza kuisoma." Akaifunga kamba ile katika pindo la kanga yake, nami nikashika njia.

Jambo hili sikulitunga mimi. Ni jambo la wazee wetu wenyewe, wa nyanda hizi za juu za Wamakonde. Nililikuta katika kitabu cha Mzungu, na ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kuitazama upya nchi niliyodhani naijua.

MASASI, MJI CHINI YA MAWE

Mtu akija Masasi kutoka upande wa Ndanda, milima ya mawe humtokea ghafula. Haikuungana kama milima mingine. Kila mmoja umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, mweusi na mtupu. Chini ya mmoja wao, uitwao Mtandi, liko kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana.

Habari ya herufi katika nchi hii haiwezi kusimuliwa bila kuwataja hao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa huko Unguja. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na ziwa Nyasa, nchi walikotoka wengi wao. Lakini walipofika Masasi waliona nchi njema, wakakaa. Steere alikuwa mtaalamu wa Kiswahili, mwandishi na mpiga chapa wa vitabu. Kwa hiyo vitabu viliingia Masasi pamoja na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu. Nasi Wakatoliki, mapadre Wabenedikti walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, na ile ya Ndanda mwaka 1906. Kila palipojengwa kanisa palijengwa na shule, hata watu wakaanza kuwaita Wakristo "wasomaji".

Walakini tusiseme kwamba kabla ya hapo hakuna aliyeandika. Pwani yetu ilijua herufi za Kiarabu kwa miaka mingi. Katika msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, yako maandishi yaliyochongwa ukutani yenye tarehe ya mwaka 500 wa Kiislamu, ndiyo mwaka 1107 wetu. Na hapa kwetu juu, mkuu wa Wayao aliyeitwa Machemba alimpelekea Mjerumani Hermann von Wissmann barua ya Kiswahili mwaka 1890. Wissmann alitaka Machemba amtii. Machemba alimjibu kwamba kama ni urafiki yu tayari, lakini kuwa mtumwa wake, hapana. Mjerumani aliyefika juzi kwa meli aliweza kufahamu kila neno la mtu asiyemwona. Msomaji alishike jambo hili moyoni, maana tutalihitaji mbele.

TWAPANDA NEWALA

Siku ya tatu nilipanda gari la Newala. Njia hupita mashamba ya mikorosho, kisha huanza kupanda. Hewa hubadilika, joto la bondeni hubaki nyuma, na udongo huwa mchanga. Huku juu maji ni ya shida tangu zamani. Mvua ikinyesha, mchanga huimeza, nayo hutokea mbali, chini mabondeni. Bibi zetu walikuwa wakishuka genge na mitungi kabla ya alfajiri, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Mgeni angeuliza: kwa nini watu wakae mahali pa kiu namna hii, na mito iko chini?

Wamakonde wana jibu lao la kale. Husimuliwa kwamba hapo mwanzo alikuwako mtu mmoja peke yake porini, upande wa Mahuta. Alikuwa haogi, wala hali sana, wala hanywi sana. Siku moja alichonga sanamu ya mti yenye umbo la mtu, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mpaka mto Ruvuma, wakaoga. Mwanamke akazaa, na mtoto akawa maiti. Wakahama, wakaenda bonde la Mbwemkuru. Akazaa tena, na mtoto wa pili naye akawa maiti. Ndipo wakarudi juu, Mahuta. Huko akazaliwa wa tatu, naye akaishi. Kwa sababu hiyo watu wakaonywa wasijenge karibu na mto mkubwa.

Sisi twajua kwa imani ni nani aliyemwumba mtu. Lakini tusiicheke hadithi hii. Ndani yake mna ukweli uliolipiwa na akina mama kwa machozi, maana kando ya mito ndipo penye mbu na magonjwa, na ndipo zilipopita njia za wavamizi. Watu wasio na karatasi waliliweka onyo hilo mahali pasipoweza kuungua wala kuliwa na mchwa, yaani vinywani. Na ajabu nyingine: watu wanaosimulia kwamba mama yao wa kwanza alitoka katika mti uliochongwa, ndio hao ambao uchongaji wao wa mpingo umejulikana dunia nzima.

Jioni nilikwenda Shimo la Mungu. Ndivyo wenyeji waitavyo mahali ambapo nyanda za Newala hukatika ghafula, na nchi kushuka hadi bonde la Ruvuma. Mtu husimama ukingoni akaona Msumbiji ng'ambo, buluu kama moshi. Watu waliokuwa pale walinyamaza bila kuambiwa. Wazee wa kale hawakuwa na kitabu cha kueleza ukuu wa Mungu. Walilipa shimo jina, nalo jina likatosha. Na katika nchi ya Masasi, mtu alipotaka kuwakumbuka waliokufa alikwenda chini ya mti uitwao msolo, akamwaga unga kidogo. Mti ule, jina lile na unga ule vilikuwa alama. Aliyefundishwa tangu utoto alizifahamu. Mgeni aliona mti na unga tu.

MZUNGU NA KAMBA

Sasa nitimize ahadi. Mwaka 1906 alifika Lindi mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la mji wa Leipzig. Alikuwa amekusudia kwenda sehemu nyingine ya nchi, lakini huko kulikuwa na machafuko, akageukia kusini. Kusini nako Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa vimeacha vilio. Misheni za Masasi na Nyangao zilikuwa zimechomwa. Weule alipita Masasi, akapanda Newala, akakaa pia Mahuta. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, mambo mapya kabisa siku hizo. Aliwapa watu penseli na karatasi wachore wanachotaka. Vitu vingi alivyonunua, vinyago na vyombo vya nyumbani, vilisafirishwa Leipzig. Tusisahau kwamba alikuja chini ya bendera ya utawala uliotoka kuwaua watu wetu, na kwamba mara nyingine aliandika juu yetu kwa dharau. Lakini kwa jambo moja alikuwa mwaminifu: alichokiona alikiandika.

Juu ya nyanda hizi za Wamakonde akaonyeshwa kamba iliyosokotwa kwa gome la mti, yenye mafundo kumi na moja. Akaelezwa kwamba mume akisafiri humwachia mkewe kamba ya namna hii na kumweleza kila fundo. La kwanza ni siku ya kuondoka. La pili, la tatu na la nne yuko njiani. La tano amefika aendako. La sita atakaa kule. La saba ataanza kurudi. Mke atafungua fundo moja kila siku, asisahau. Siku ya kumi apike, maana siku ya kumi na moja mume atakuwa mlangoni. Weule aliona ni akili kubwa, akaitia habari hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908.

Nilipoisoma, nilifurahi, kisha nikaona haya. Nilifurahi kwa ajili ya wazee. Niliona haya kwa sababu, nilipouliza kijijini kwetu, hata vijana waliomaliza sekondari hawakupata kusikia habari hiyo. Kamba ya babu zetu nililetewa na kitabu kilichopigwa chapa Ulaya.

JE, MAFUNDO NI MAANDISHI?

Msomaji ataniuliza, "Basi wazee wetu walijua kuandika?" Tujibu kwa uangalifu, tusijisifu kwa uongo.

Wataalamu hutuonyesha kwamba maandishi ya kale kabisa tunayoyajua hayakuanza na mashairi wala sala. Yalianza na hesabu. Katika mji wa Uruk, nchi iitwayo leo Iraki, kiasi cha miaka 3,300 kabla ya Kristo, watumishi wa mahekalu na wakuu walichukua udongo mbichi, wakachora juu yake alama za nafaka, kondoo na pombe, na hesabu yake. Walitaka kujua kimeingia nini na kimetoka nini. Karibu na wakati huo huo Wamisri nao walianza kuandika kwa picha. Sala, sheria na hadithi zilifuata baadaye.

Hata herufi zetu hizi zina asili ya picha. Kiasi cha miaka 1,800 kabla ya Kristo, watu wa jamaa za Wakanaani waliokuwa Sinai, penye machimbo ya Wamisri, walichukua picha chache na kuzifanya alama za sauti. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa moja ya alama hizo. Mwambie mtoto wako aandike herufi A kubwa, kisha aigeuze juu chini. Ataona pembe mbili na uso wa ng'ombe! Hivyo kila mtoto aandikaye jina la Anna au Agnes huchora kichwa cha ng'ombe bila kujua.

Na mafundo je? Wamakonde hawakuwa peke yao. Mwandishi wa Kiyunani, Herodoto, asimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, alipovuka mto Danube kwenda vitani, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, aliwaachia walinzi wa daraja kamba ya ngozi yenye mafundo 60. Wafungue moja kila siku. Yakiisha naye hajarudi, waende zao kwao. Mfalme mkubwa wa dunia alitumia akili ile ile ya mume wa Kimakonde.

Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, watu wa Inka walifika mbali zaidi. Walikuwa na makundi ya kamba yaitwayo kipu. Kwa aina ya fundo na mahali lilipofungwa walijua makumi, mamia na maelfu, wakahesabu watu na kodi ya ufalme mzima. Padre Mjesuti José de Acosta, katika kitabu chake cha mwaka 1590, ashuhudia kwamba alimwona mwanamke wa huko ameshika kamba zenye mafundo, na kwamba ndani yake alikuwa ametia maungamo ya maisha yake yote. Akaungama kwa kuzishika moja moja, kama mwingine angesoma karatasi. Lakini mtaguso wa maaskofu uliokutana Lima mwaka 1583 ulikuwa umeagiza kamba zilizohusu ibada za kale ziharibiwe. Leo kipu zilizosalia zimo katika makumbusho. Wataalamu huzisoma hesabu zake. Lakini kama ndani yake mna majina au habari nyingine, hakuna awezaye kuzisoma kwa hakika. Wale waliozijua walikufa, na hapakuwa na mtoto aliyeuliza.

Sasa mkumbuke Machemba na barua yake. Barua husema na mtu asiyekuwapo, hata adui, hata mtu atakayezaliwa baada ya miaka mia. Kamba husema na yule aliyeambiwa tu. Ukiokota kamba ya mafundo kumi na moja njiani, huwezi kujua kama ni siku za safari au ni madeni ya korosho. Ndiyo maana nasema kamba ya wazee haikuwa maandishi kamili. Ilikuwa jamaa yake wa karibu. Ilitoka katika haja ile ile iliyowasukuma watu wa Uruk: kumbukumbu ya mtu haitoshi, naye ahitaji kitu cha kuishika.

Na Mungu mwenyewe hakuidharau njia hii. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 15, wana wa Israeli waliagizwa watie matamvua katika pembe za nguo zao, yenye uzi wa samawi, ili wakiyatazama wazikumbuke amri. Na watu waliozipokea amri hizo walikuwa nazo tayari zimeandikwa juu ya mawe! Wakristo wengi wa Mashariki mpaka leo husali kwa kamba ya mafundo. Nasi, tunaposhika rozari, vidole hutembea punje kwa punje, na moyo hufuata. Bibi asiyejua hata herufi moja huyapitia mafumbo yote bila kupotea.

FUNDO LA NANE

Siku ya tano nilifika Mahuta kama nilivyoahidi. Siku ya sita gari letu liliharibika kabla ya kufika Newala, katika mchanga. Simu yangu ilikuwa imekwisha moto. Tulilala hapo hapo, abiria wote, tukagawana mihogo. Usiku ule sikuwaza mbu wala baridi. Niliwaza pindo la kanga ya mama. Niliona vidole vyake vikifungua fundo la saba asubuhi, chungu kikitengwa motoni, na jioni chakula kikipoa. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo kitabu hakikunieleza: kila fundo katika kamba ile lilikuwa ahadi, na aliyebaki nyumbani ndiye aliyebeba uzito wake.

Nilifika siku ya nane, jua likitua. Mama alikuwa ameketi mlangoni, kamba iko mkononi. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, Mama. Unisamehe, gari liliharibika." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanionyesha kamba. Mafundo saba yalikuwa yamefunguliwa yote. Alama zake tu zilionekana, kamba imejikunja pale yalipokuwa. Lakini mwisho wa kamba palikuwa na fundo moja jipya, dogo, limekazwa sana. Sikulifunga mimi.

"Jana nilifungua la mwisho, hukuja," akasema. "Jirani akaniambia nilie. Nikasema, kwa nini? Nikafunga jingine."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimempa mama barua aisome. Kumbe yeye aliijibu.

Wasomaji wapenzi, kamba ile nimeitundika ukutani. Chini yake nimeweka daftari, na kila jioni mama anisimulia, nami naandika: majina ya miti, hadithi, habari za safari za babu, na alama walizozitumia watu wa kwao. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yoshua alipovuka Yordani alisimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto waje waulize maana yake. Basi ninyi watoto mnaokwenda shule, ulizeni. Leo jioni, kabla taa haijazimwa, mwulizeni bibi au babu jambo moja tu ambalo halimo katika vitabu vyenu, mkaliandike pamoja na jina lake na tarehe. Nanyi wazee, msiseme, "Hayo ni ya kale, yamepitwa." Semeni, watoto wapate kuandika.